Nibu Laini ya Mwalimu Ondieki

Kuna Ijumaa moja isiyonitoka akilini, mwanangu, na si kwa uzuri wake. Ningekuwa na uwezo ningeisahau, kama nilivyosahau majina ya majirani na mahali ninapoweka miwani. Hii imekataa kuondoka. Jana uliposema lile neno hapo mezani, ilirudi ikaketi nami, hata uji nikashindwa kuumaliza. Basi weka simu chini kidogo. Nimechoka, sitasema mara mbili.

Umekuwa hapa Ikonge wiki tatu sasa. Ulipofika kutoka Nakuru uliniita shosho, nikakuambia shosho ni nyanya wa kwingine, mimi ni magokoro wako, nawe ukacheka ukajirekebisha. Nilifurahi. Nikafurahi zaidi ulipofungua ule mkebe wako wenye nibu nne na kidau cha wino, maana sikujua kwamba bado kuna kijana anayechovya kalamu. Ukanionyesha katuni zenu za mtindo wa Kijapani, wasichana wenye macho makubwa kuliko midomo na nywele zilizochongoka huku na huku. Ukaniambia kwamba wewe na rafiki yako Moraa wa Keroka mnatunga hadithi pamoja: yeye anachora kwa penseli, wewe unapitisha wino juu ya mistari yake. Nikasema moyoni, kazi nzuri, acha niwaone.

Tangu siku hiyo unalinganisha nibu. Hii unayoiita G, ukiikandamiza inapanuka na kutoa mstari mnene, ukiiachia mstari unakonda, na ni nzuri kwa mabega na mikunjo ya nguo. Ile ndogo ya mviringo ni ya kope na mboni. Ile yenye umbo la kijiko haipanuki sana, mstari wake ni uleule asubuhi na jioni. Ya nne ni ile ya shule, ngumu na yenye kununa. Umezichomeka zote kwenye viazi ili kuziondolea mafuta ya kiwandani, viazi nilivyokusudia kuvipika, nami sikusema kitu. Umejaza karatasi mistari ya majaribio mpaka zimeisha, na hadithi yenyewe bado iko kurasa mbili. Mchagua nazi hupata koroma. Huku kwetu hatuna nazi, na mwalimu aliyetufundisha methali hiyo naye hakuwahi kuuona mnazi. Lakini niulize habari za wachumba niliowakataa kabla ya babu yako, utaielewa vizuri.

Halafu jana wino ukadondoka. Tone moja kubwa, juu ya uso wa yule msichana wa Moraa, kwenye ukurasa aliouchora kwa siku nne. Ukapangusa kwa kiganja, ukazidi kuharibu. Nikakusikia ukijisemea, "Aah, nitamshow tu nibu ilikuwa fake. Si mimi."

Hapo ndipo nilipouacha uji.

Nilikuwa na miaka ishirini, Kemunto, karibu sawa na wewe. Niliishi kwetu Marani, nikiwafundisha watoto wa darasa la kwanza bila cheti chochote. Mkubwa wangu pale shuleni alikuwa Mwalimu Ondieki, mtu mrefu wa maneno machache, na mchoraji. Vitabu vya picha havikuwepo, kwa hiyo watoto wa kanisani aliwachorea hadithi yeye mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, akazitundika kwenye kamba ya mkonge kwa vibanio vya nguo. Hakuandika neno hata moja, ili hata asiyejua kusoma azifuate.

Alikuwa na nibu mbili tu. Moja ilikuwa ngumu, ya kuandikia rejista, ambayo ingeweza kuchora hata juu ya gunia. Nyingine ilikuwa laini, aliyoletewa na mgeni kutoka mbali, na hiyo ukiigusa tu mstari unanenepa, ukiinua kidogo unakonda. Niliipenda ile laini mpaka nikaiota. Yeye akanikataza. "Hiyo inataka mkono uliotulia," alisema. "Kaa na ngumu mwaka mmoja kwanza." Nilikuwa nimekaa nayo miezi sita, na kichwani mwangu nilikwisha kuhitimu.

Mwaka ule alichora hadithi ya mama yake mwenyewe, Bosibori, aliyemlea peke yake kwa kuuza ndizi sokoni, na aliyembeba mgongoni kuvuka mto uliofurika ili akaandikishwe shule. Zilikuwa kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa uso wa mama tu, basi. Sasa nielewe vizuri hapa. Bosibori hakupigwa picha hata siku moja maishani. Alikufa mapema, na waliomjua walikuwa wamekwisha kufa pia. Uso wake ulibaki mahali pamoja tu, kichwani mwa mwanawe, na mkono wa mwanawe huyo ulikuwa umeanza kutetemeka. Alichora mstari mmoja, akapumzisha mkono, akangoja utulie, akachora mwingine. Uso ule ulimchukua miezi minne. Alipomaliza jicho la pili nilimwona akilia, mtu mzima, wala hakujificha.

Ijumaa yenyewe ilikuwa ya maandalio. Unajua tulivyo sisi Wasabato. Marani yote watu walikuwa wakipiga pasi, wakingʼarisha viatu, wakiogesha watoto, chinsaga, mboga zetu za kesho, zikichemka, kwa sababu jua likishatua kazi imekoma. Picha zilitakiwa kesho yake alasiri. Kilichobaki ni leso ya kichwani mwa Bosibori, mikunjo yake tu, na siku hiyo mkono wa Mwalimu ulikuwa umekataa kabisa. Aliniita nyumbani kwake akaniambia kwa Ekegusii, nami nakutafsiria: "Jaza leso kwa ile nibu ngumu. Jua likikuwahi, acha palepale ulipofika. Leso isiyojazwa si dhambi." Kisha akaenda kuoga.

Nikakaa dirishani na nibu ngumu. Mstari baada ya mstari, na jua linashuka kuelekea ukingo wa kilima. Nikaona mikunjo ni mingi kuliko jua lililobaki. Nikajiambia, ile laini ingefanya kwa mstari mmoja kinachofanywa na hii kwa mitatu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu nyingine nakuambia leo: nilitaka akina mama wa kanisani waione leso ile kesho, waulize imechorwa na nani. Haraka haraka haina baraka, na haraka yenye majivuno ni mbaya zaidi. Nikabadilisha nibu.

Mistari mitatu ya kwanza ilishuka vizuri mno, nikatabasamu peke yangu. Wa nne nikausukuma kwenda juu. Wewe sasa unajua kwamba nibu laini huvutwa, haisukumwi. Ukiisukuma, ncha zake mbili hujichoma kwenye karatasi, kisha hufyatuka. Ilifyatuka. Wino ukarukia uso wa Bosibori, na tone kubwa likatua juu ya jicho la kushoto.

Hata hapo dawa ilikuwepo. Mwalimu alikwisha kunifundisha: tone likianguka, ondoa mkono, acha likauke, kisha likwangue taratibu kwa wembe. Mimi nikapangusa kwa mkono wa sweta. Jicho likawa doa jeusi lililoburuzwa mpaka shavuni.

Alirudi na taulo shingoni. Kabla hajauliza lolote nikasema, "Mwalimu, nibu hii ni mbovu."

Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Aliutazama ukurasa kwa muda mrefu sana. Kisha akaichukua kalamu ileile, akaisuuza, akaifuta, akachovya, akaandika jina la mama yake kwenye kipande cha karatasi. Mkono wake ulitetemeka jina zima, lakini nibu haikurusha hata tone. Akakiweka kipande kile mbele yangu.

"Nibu imesema yake," akasema. "Bado wewe."

Nikaanza kukusanya karatasi. Jua likatua. Nyumba ya pili walianza kuimba kufungua Sabato, naye akafunika kidau cha wino na kwenda kuwasha taa.

Kesho yake alizitundika kurasa zote kumi na mbili, pamoja na ile. Watoto waliifuata hadithi vizuri, wakacheka pale kwenye mto, na walipofika mwisho kitoto kimoja kikauliza kwa sauti, "Mwalimu, mbona huyu nyanya ana jicho moja?"

"Wino ulimwagika," akajibu.

Hakunitazama, lakini niliona kwamba ananingoja. Kanisa zima lilikuwa kimya, na kulikuwa na nafasi ya mimi kusimama na kusema maneno mawili. Nikatazama viatu vyangu, vile nilivyovingʼarisha Ijumaa. Akaanza wimbo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alijaribu kumchora tena mama yake, mwanangu. Nilimwona akijaribu wiki baada ya wiki, kwa penseli, kwa nibu ngumu, hata kwa makaa. Kila aliyetokea kwenye karatasi alikuwa mama wa mtu mwingine. Siku moja aliacha tu, hakujaribu tena. Hakuwahi kunilaumu. Kabla ya msimu wa mvua ndefu ambao alifariki, aliniita akanipa ile nibu laini, ameifunga kwenye kipande cha kalenda, akasema, "Ni nzuri. Ijue." Kwenye mazishi niliombwa niseme neno kama mwanafunzi wake. Nilisimama nikasifu uvumilivu wake, watu wakatikisa vichwa, nikaketi. La jicho sikulisema. Hata babu yako alikufa hajui.

Ukurasa ule sijui uliko. Nyumba ya Mwalimu ilivunjwa, wanawe wako mbali. Labda unajiuliza kama mimi namkumbuka Bosibori, maana niliuona uso wake miezi minne. Nimejaribu mara nyingi, hasa siku hizi usingizi unapokuwa haba. Linakuja doa.

Majuto ni mjukuu, husema Waswahili. Mimi Mungu amenipa yote mawili, na jana yaliketi kwenye meza moja.

Leo asubuhi ulipokwenda kuchuma majani chai na shangazi yako, nilifungua mkebe wako bila ruhusa. Nisamehe. Nilitaka na mimi nizilinganishe. Hiyo G imetangaza kila mtetemo wa mkono wangu, haina siri. Ya mviringo imetoboa karatasi. Ya shule imenuna, lakini imefanya kazi. Ya kijiko imenivumilia kuliko zote. Kisha nikaitoa ile ya Mwalimu, ambayo sikuwahi kuichovya tangu aliponipa. Ilikuwa na kutu. Niliisugua kwa majivu, nikaiosha, nikaipachika kwenye mpini wako, nikachovya kwenye wino wako. Nilivuta mstari mmoja kuja chini. Ulitetemeka, maana mkono ni wa kikongwe, lakini ulinenepa na kukonda palepale ulipotakiwa, wala hakikuruka kitone. Haina kosa. Zaidi ya miaka hamsini imekaa kifungoni kwa kosa langu.

Sasa unaniuliza ipi bora. Chukua ya kijiko, ukae nayo mpaka hadithi iishe. G haitakimbia, itakungoja. Vuta, usisukume, na wino ukidondoka ondoa mkono, hata kama kiganja kinawasha. Lakini hayo ni ya kalamu, na ya kalamu ungeyajua hata bila mimi. Lililonifanya nikuite ni hili: usimwambie Moraa kwamba nibu ilikuwa mbovu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua halijitetei. Ndiyo maana inakuwa rahisi. Mwanangu, ukisema "ni mimi" utaona aibu, na aibu hiyo itapoa pamoja na chai. Usiposema, itakaa. Mimi nimelima nayo, nimezaa nayo, nimezeeka nayo, na nimechoka kuibeba.

Moraa anakuja kesho. Nitapika mchele na kuku, ili kama atakasirika akasirike akiwa ameshiba. Lakini ukurasa umwonyeshe kabla ya chakula, pale mlangoni, na umwambie wewe mwenyewe, usinitume mimi. Mwache akasirike. Anaweza kuuchora tena, mkono wake ni mzima, na yule msichana bado yumo kichwani mwake. Mwalimu Ondieki hakuwa na bahati hiyo.

Nyasae agosesenie, Kemunto. Mungu akubariki, akupe mkono uliotulia, na karatasi isiyonyonya wino, na marafiki wanaorudi baada ya kununa. Na siku utakayoharibu, maana utaharibu tena, akupe mdomo mapema, usingoje mpaka uzeeke kama mimi. Ngoja nianze, usije ukasema nakutuma njia nisiyoipita. Mimi naitwa Nyaboke, na jicho la Bosibori nililiharibu mimi.