Kumpokea Mgeni Kituoni

Juzi nilimwona mtoto akimkimbilia bibi yake ampokee kikapu, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu, Chang'ombe. Baba alikuwa amekwenda kufungua kijiji cha ujamaa, mama yuko kiwandani, nami nilishinda peke yangu. Jumapili mchungaji alikuwa amesema anayempokea Yesu hatakuwa mpweke tena. Mie kupokea nilikujua: unakwenda kituoni, unamtua mgeni mzigo wake.

Basi nikanawa miguu, nikaenda kusimama kituoni. Mabasi yalikuja yakinuka dizeli, watu wakashuka, kila mmoja akapokewa na wake. Mwisho akashuka mama, kanga yake ikinuka mafuta ya mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unamngoja baba yako?"

"Hapana. Nimekuja kumpokea Yesu."

Hakucheka. Alinipa kikapu chake. "Basi anza na hiki."

Kilikuwa chepesi mno. Dukani unga ulikuwa umeisha kabla zamu yake kwenye foleni haijafika.

Yesu nilimpokea kweli ukubwani, nimepiga magoti chumbani, bila kituo wala mzigo. Hata hivyo, jioni basi likisimama jirani, mie huinua kichwa.