Hitma ya Pili ya Suud

Bi Ghaliya alizaliwa na mtu aliyekwisha kusomewa hitma.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilifika habari Unguja kwamba Suud bin Muhammad, dereva katika jeshi la Mwingereza, ameangamia kwenye misitu ya Burma. Hakuna aliyengoja maiti. Pilau ililiwa, mkewe akakaa eda, nyumba yake ya Mji Mkongwe ikarithiwa na nduguye Zahran, na eda ilipokwisha, mke naye akawa wa Zahran. Vita vilipomalizika, Suud akatokea mlangoni na sanduku lake la bati. Zahran, aliyekuwa akinywa kahawa barazani, hakuinuka.

"Sisi tushakulilia," alisema. "Usituharibie machozi yetu."

Serikali iliyompeleka vitani nayo ilimhesabu maiti, na maiti hana kiinua mgongo. Suud akapewa chumba cha chini ya ngazi, palipokuwa pakiwekwa makaa. Humo alimwoa Wanu, mfuaji nguo wa Makunduchi. Humo akazaliwa Ghaliya. Na humo Suud akafa, angali kijana. Jeneza lilipitishwa mlango wa nyuma, kwani mlango mkubwa, alisema Zahran, hauagi mtu mmoja mara mbili.

Ghaliya alikulia na kuzeekea chumbani humo, akishona kofia. Watoto wa mtaa walimwita Mtoto wa Maiti, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu kulia kungewafurahisha zaidi.

Mwaka huu Hisham, mjukuu wa Zahran, akapata mnunuzi wa kuigeuza nyumba hoteli. Warithi wote waliitwa. Bi Ghaliya hakuitwa. Akapanda ngazi mwenyewe, mkono ukutani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Fungu la baba yangu li wapi?"

Hisham alitabasamu kwa adabu. "Babu Suud kafa vitani, Bibi, na wewe umezaliwa vita vishakwisha. Nikenda kwa kadhi nikasema wewe binti yake, si n'tamvunjia heshima marehemu mama yako?"

Bi Ghaliya akaomba jambo moja: kabla nyumba haijakabidhiwa, baba yake asomewe hitma, mlango mkubwa ukiwa wazi na wazee wa mtaa wamehudhuria. Aliijua desturi. Mwenye kuomba dua humtaja marehemu na kizazi chake, na jina likishasikiwa na kadamnasi, nani atathubutu kulikana?

"Hilo tu? Na mbuzi n'tachinja."

Wepesi ule ungemshtua mwengine. Yeye alikwenda kufua buibui lake.

Siku ilipofika, alikaa nyuma ya pazia pamoja na wanawake, chetezo cha udi mbele yake. Wanaume walimaliza kusoma. Mwalimu akainua mikono; Hisham akamwinamia sikioni.

"Ewe Mola, mrehemu mja wako Suud bin Muhammad, aliyefia vitani, katika ardhi ya ugeni, asiyejaaliwa mtoto."

"Amin!" ukavuma ukumbi mzima, na ulimi wa Bi Ghaliya, uliozoea dua tangu utotoni, ukaitikia pamoja nao.

Jirani yake Ulfat akamgeukia, macho yamemtoka. "Ghaliya! Hata wewe?"

Pazia likafunuliwa, pilau ikaingizwa, na mke wa Hisham akamwekea mbele sahani ya wageni.