Nilimkalisha Mpwa Wangu Kitini Mpaka Akafeli

Mwenye kosa ni mimi, nalisema kabla hujaniuliza. Na linaniuma zaidi kwa sababu niliapa kuwa hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimeona lori la kabichi likiserereka mpaka bondeni, dereva akatoka anacheka. Nimedhulumiwa na mtu niliyekula naye sahani moja. Nishangae nini tena?

Nimeshangaa, jamani. Nimeshangazwa na vipande vya karatasi!

Kwanza ujue unaongea na nani. Shule niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Nilishuka milima ya Uluguru miguu peku, tenga la nyanya kichwani, mpaka Morogoro mjini. Leo nina malori mawili, nina nyumba Mwembesongo, na watu tisa wanakula kwa jasho langu. Hakuna aliyenishika mkono. Kanuni yangu ni moja tu: mzigo haujajaa, hakuna kunyanyuka.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoniponza.

Dada yangu analima karoti kule kule mlimani. Binti yake, hapa nimwite Leticia, alipopata nafasi ya chuo hapa mjini, atakaa wapi halikuwa swali. Kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba. Sokoni nilitamba mpaka wenzangu wakanichoka: "Mwanangu anasomea ualimu wa sayansi!"

Sasa, kusoma kwake ndiko kulikonitia wazimu. Anasoma nusu saa, anafunga kitabu. Anatoka uani, anatembea katikati ya matenga, anajiuliza na kujijibu mwenyewe kama mtu aliyechanganyikiwa. Mkononi ana vipande alivyokata kwenye daftari, upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Akikosa anajipiga kofi kwenye paji la uso, anacheka, kile kipande anakirudisha chini ya rundo. Jumamosi wanakuja wenzake wawili, anasimama anawafundisha, nao wanambishia. Kelele tupu!

"Leti, mbona husomi?"

"Mjomba, ndiyo nasoma."

"Kusoma gani huku kwa kuzurura? Kitabu kiko ndani, wewe uko na matenga!"

"Najaribu kukitoa kichwani, mjomba. Nisipokitoa sitajua kama kiliingia."

Mjuaji huyo! Nikasema moyoni, ngoja.

Zilipobaki wiki tatu kufikia mitihani ya mwisho wa mwaka, vipindi vya chuo vimeshakwisha, nikashika usukani. Nilimwekea meza stoo, ikatazama ukuta. Akishakunywa chai ya asubuhi anakaa, na hanyanyuki mpaka jua lizame, labda kula na kujisaidia. Wale wenzake niliwafukuza getini: "Soga kapigieni kwenu!" Na vile vipande vyake, vilivyojaa boksi zima la viatu, nilivitumia kuwashia jiko la mkaa mbele ya macho yake.

Mwaka mzima wa kazi yake ulichemsha birika moja la chai.

Hakulia. Aliniangalia tu, akauliza kwa adabu zote: "Mjomba, nyanya unazipangaje kwenye tenga?"

Hapo kaniuliza kwenye fani yangu! Nikamjibu kwa madaha: "Natandika majani, napanga nyanya, majani tena, nyanya tena. Ukishindilia tu bila majani, za chini zinapondeka, unafika sokoni na mchuzi."

"Basi na mimi niachie majani, mjomba."

"Kichwa siyo nyanya wewe!" Vijana wangu wa kupakia wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Bosi, huyo atakushinda kwa maneno!" Nami nikacheka. Nilicheka, mjinga mimi!

Alikaa wiki tatu zile. Kila nikichungulia, mgongo umenyooka, macho kitabuni. Niliwaambia watu sokoni, "Wangu hanyanyuki kitini!" Siku moja niliona doa la chai kwenye ukurasa aliofungua. Siku nne baadaye nikachungulia, doa lile lile. Mimi, ninayeweza kukuambia tenga limepungua nyanya tatu kwa kulinyanyua tu, niliona doa lile nikapita zangu!

Matokeo yakatoka. Alifeli masomo zaidi ya nusu. Arudie mwaka, na mkopo wake wa serikali ukasimama.

Unadhani nilijitafakari? Wapi! Nilivaa shati la kanisani nikampeleka mwenyewe chuoni kuwauliza waliibaje alama za mtoto wangu. Mwalimu wake alikuwa kijana mdogo. Akaniamkia, "Shikamoo mzee," akanipa kiti.

"Marahaba. Huyu alisoma kutwa nzima wiki tatu bila kunyanyuka. Kafelije?"

Kijana akamgeukia Leticia. "Wewe mwaka jana ndiye uliyekuwa unawaeleza wenzako ubaoni. Nini kimetokea?"

Ndugu yangu, nilingoja nitajwe. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

"Niliumwa, mwalimu," Leticia akasema.

Hakunitaja! Alikuwa na kila haki ya kuninyooshea kidole, akanisitiri mbele ya mtu niliyeenda kumgombeza. Tulirudi Mwembesongo. Dada yangu alipopiga simu, alitamka sentensi moja tu kisha akakata: "Kaka, nilikukabidhi mtoto, sikukukabidhi gunia."

Tangu hapo nina hasira. Siyo na Leticia, siyo na chuo. Ni na huyu mwanamume anayedhani kwa kuwa alijua kubeba, basi anajua kila kitu!

Nilimnunulia daftari jipya. Nililikata vipande mwenyewe, kwa kisu cha kukatia kamba za matenga. Wiki ya kwanza hakuvigusa. Ya pili alivichukua, akaanza upya kuandika. Sasa jioni nakaa naye uani, nashika rundo, nasoma swali kwa kuunga unga herufi, anajibu, nageuza. Akikosa, nakirudisha chini ya rundo. Wale wenzake nao nilienda kuwaomba radhi, mmoja mmoja, mimi na malori yangu. Jumamosi zina kelele tena.

Wewe mzazi, wewe mjomba unayelipia, usipime kusoma kwa saa za kukalia kiti. Kiti hakifanyi mtihani! Na wewe mwanachuo, soma, funga kitabu, jiulize, mfundishe mwenzako, pumzika, rudi tena. Macho kutembea juu ya karatasi siyo kusoma, ni kupiga doria. Na akija mjuaji kama mimi kukufukuza uani, muulize kazi yake anaifanyaje. Labda atasikia kuliko nilivyosikia mimi.

Mtaniuliza nimelipa nini. Mwaka wa binti hauna bei, huo sitaulipa kamwe. Vingine nimevilipa taslimu: ada ya kurudia mwaka, michango yake, vitabu. Ile mia tano mtakayoiona mwishoni mwa jumla ni ya daftari la kukata vipande. Shilingi milioni moja, laki nane, sitini na tatu elfu na mia tano.