Fomu Yenye Jina Langu Peke Yangu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka hunijia pamoja na harufu ya iliki. Tulikuwa uani, nyumbani kwa Bi Mwajuma binti Pazi, mtaa wa Narung'ombe, hapa hapa Kariakoo. Mafuta yanachemka jikoni, unga umenijaa mpaka viwikoni, na mkononi nimeshika bahasha ya kaki. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, muuza karanga anamwita mteja wake ndugu, na mteja naye anamwita ndugu, hata kama wanagombana.

Nikueleze kwanza tulivyokuwa. Tulikuwa wanawake watano tunaopika pamoja. Mama Yohana, Mmakua wa Masasi. Asha Mkilwa. Bi Asumini, ambaye vitumbua vyake sijapata kuona mfano wake tena, Mungu amrehemu. Zaituni, mke wa fundi viatu. Na mimi, Somoe binti Hamisi, niliyekuja kutoka Lindi. Alfajiri tunakaanga maandazi na vitumbua, tunapika chai ya tangawizi, tunapeleka kwenye karakana moja ya malori kule Gerezani. Wafanyakazi wanakunywa saa nne. Mwisho wa mwezi karakana inatulipa kwa pamoja.

Aliyekwenda kupokea ni mimi. Si kwa ukubwa, maana nilikuwa mdogo wao wote. Ila nilikuwa nimehitimu madarasa ya elimu ya watu wazima, naandika jina langu vizuri, na wenzangu waliona fahari hiyo kama yao. "Nenda Somoe, katutilie saini," Bi Asumini alikuwa akisema, "sisi tukienda watatupaka wino vidole tushindwe kula." Nikirudi tunakaa mkekani, kila mtu anachukua fungu lake, tunaombeana dua, basi. Ndivyo wanawake tulivyofanya kazi siku zote: mmoja anapokea, wote wanagawana. Hatukujua kwamba kwenye vitabu vya karakana wale wenzangu wanne hawakuwepo kabisa.

Ndani ya bahasha ile kulikuwa na fomu. Karakana ilikuwa imewaarifu watu wa kodi ya mapato kwamba fedha zote za mwaka ule, za wanawake watano, zilikuwa mapato ya Somoe binti Hamisi peke yake. Na pamoja na fomu, barua: nikalipe kodi ya fedha ambazo sikuzila.

Nilisoma kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka nikafika chini. Mwanangu, akiba nilikuwa nayo kidogo, na ilikuwa na kazi yake. Mama yangu alikuwa Lindi, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, anapapasa ukuta kutafuta mlango wake mwenyewe. Nilikuwa nakusanya nauli ya meli na fedha ya kumtunza mjini, nimlete hospitali kubwa kule Upanga apasuliwe. Nikiwapa watu wa kodi akiba ile, mama anabaki gizani. Hilo tu ndilo nililoliona katika karatasi ile.

Basi nikafanya ujinga wa ujana. Sikumwambia mtu. Nikaificha fomu chini ya godoro, nikawa nacheka na wenzangu kama kawaida. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya tatu au ya nne nikachukua wembe, maana nilikuwa nimesikia kwamba wino unakwanguka ukiwa na mkono mwepesi. Nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaiweka fomu gotini, nikaanza kuitafuta tarakimu ya kwanza.

Bi Mwajuma akatokea. Huyu ndiye mwenye nyumba, na ndiye aliyekuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi. Mzaramo mnene, sauti ya kuita watu kutoka sokoni. Siku ile hakupaza sauti.

"Somoe, karatasi hii umeiandika wewe?"

"Hapana, bibi. Wameandika karakana."

"Sasa mkono wako unatafuta nini humo?"

Nikamweleza yote huku nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipokonya wembe.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Mpaka sasa kosa ni la karani. Ukikwangua hapa, hata kidogo, kosa linakuwa lako, na yeye anakuwa msafi. Aliyeandika ndiye aandike tena. Kanawe uso, uende ukamwambie."

Nilikwenda, sikutamani. Karani wa karakana alikuwa Bwana Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mpole kwa watu wote ila kwa karatasi. Akaitazama fomu, akanitazama mimi.

"Dada, aliyetia saini ni nani?"

"Ni mimi, lakini..."

"Saini ni saini. Na fomu imeshakwenda kwa watu wa kodi. Mimi siwezi kuikimbiza."

Nikarudi Kariakoo nimeinamisha kichwa. Bi Mwajuma aliposikia jina na kabila, akacheka. "Mnyamwezi? Mbona hukusema mapema!" Akajifunga khanga kiunoni, akanishika mkono, tukarudi wote wawili kwa miguu mpaka Gerezani.

Unajua, mwanangu, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu. Neno ambalo mtu mwingine akilisema ni ugomvi, mtani akilisema ni haki yake. Bi Mwajuma hakupiga hodi.

"Nani kamweka Mnyamwezi ofisini na mlango haukufungwa?"

Bwana Maganga akainua kichwa, uso ukafunguka. "Alaa, Mzaramo! Ngoma zimekwisha huko kwenu, mmekuja kutafuta nyingine hapa?"

"Nimekuja kumtazama mjukuu wa wapagazi. Babu yako alitoka Tabora mpaka pwani, mzigo mmoja kichwa kimoja, hakumtwisha mwenzake mzigo wake. Wewe umekusanya mizigo ya wanawake watano, umemtwika mtoto mmoja wa Lindi! Huko kwenu wakisikia, watakupokea kweli?"

Mafundi waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko, na Bwana Maganga akacheka nao mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, utani tuuweke kando. Nikisema nimekosea, mkubwa wangu atadhani nimekula fedha."

Kumbe na yeye alikuwa anaogopa kama mimi! Sikuwa nimefikiri kwamba mtu wa upande wa pili wa meza naye ana hofu yake. Bi Mwajuma akamjibu taratibu, "Kukosea hakujamfunga mtu, baba. Kinachofunga ni kukosea ukanyamaza. Na wanawake wenyewe wapo, uwaulize."

Akafikiri, akakubali. Lakini akatoa sharti: kila mmoja wa wale wanne aje mwenyewe, ataje jina lake na fungu lake, aweke dole gumba mbele ya mkubwa. Hapo ndipo ataandika fomu nyingine na barua ya kukiri kosa.

Mwanangu, hapo ndipo palikuwa pagumu. Nani alikuwa anataka jina lake liende kwa watu wa kodi? Jioni ile nikawaeleza mkekani. Zaituni akawa wa kwanza kusema: "Mimi? Mume wangu mwenyewe hajui napata nini, leo nikaiambie serikali?" Tukacheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Mama Yohana alikuwa akitazama mikono yake. Akasema baba yake alipata kufungwa kamba kwa kodi ya kichwa, enzi za mkoloni, na yeye aliona kwa macho yake akiwa mtoto. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Sikuwa na haki ya kuwalazimisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Asubuhi nikapika peke yangu nikidhani wamenikwepa. Kumbe walikuwa wanavaa. Mama Yohana alitoka na gauni lake la kanisani, Asha na Bi Asumini na khanga mpya, na Zaituni amejitanda mpaka puani, akisema mume akimwona atamwambia anakwenda msibani.

"Twende," akasema Mama Yohana. "Baba yangu alifungwa kwa sababu hakuwepo hata mmoja wa kumsemea."

Wakaweka vidole, mmoja baada ya mwingine. Bwana Maganga akaandika fomu mpya, kila jina na fungu lake, na barua yake, na mkubwa wake akapiga muhuri bila neno baya. Akanipa nakala niiweke. Nami nikaenda ofisi ya kodi na fomu mpya, na ile ya zamani pia, kama nilivyoshauriwa. Kijana aliyenipokea akaziweka pamoja, akaigeuzageuza ile ya zamani kwenye mwanga. "Vizuri dada, haijaguswa," akasema. Mafungu yetu yalikuwa madogo, hata moja halikufika kiwango cha kukatwa kodi. Wala mume wa Zaituni hakujua, mpaka alipomwambia mwenyewe.

Mama yangu alikuja kwa meli. Walipomfungua bandeji kule Upanga, hakuuliza bahari wala majumba ya ghorofa. Alisema, "Nileteeni wale wanawake waliomsemea mwanangu." Wakaja, akawashika nyuso mmoja mmoja, akawatazama sana, akawaita kwa majina kila mmoja alipojitaja: Mama Yohana, Asha, Asumini, Zaituni. Na Bi Mwajuma. Mimi nilisimama pembeni, nikiwatazama.

Basi, mwanangu, nawe utapata siku yako ya kuletewa karatasi yenye jina lako na uongo ndani yake. Usiifiche, maana karatasi haifi chini ya godoro. Usiiguse kwa wembe wala kwa kalamu. Nenda kwa aliyeiandika, mwambie kwa adabu, umwombe aandike nyingine, na ubaki na nakala yako. Akikataa, nenda kwa wenye kodi wenyewe na mashahidi wako, uwaeleze kweli. Lakini karani usimfanye adui, huenda naye anatetemeka. Na ukiwa unapokea kwa niaba ya wenzako, majina yao yaandikwe tangu siku ya kwanza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mungu akupe riziki inayoandikwa ilivyo. Akuepushe na deni lisilo lako, na akujaalie wenzi watakaovaa nguo zao nzuri waje kukusemea. Nawe usisite kuwaendea wengine. Amina.