Komeo la Kiti cha Nyuma

Kule karakanani walimwita Fundi Makalio, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza viti vya rola kosta, ile treni ya starehe inayovutwa polepole hadi juu ya kilima cha vyuma kisha ikaachiwa iporomoke, watu wazima na akili zao wakipiga mayowe, na wamelipia. Kiti cha treni kama hiyo si kiti cha sebuleni. Kikibana, abiria anashuka na michubuko. Kikilegea, huenda asishuke kwa miguu yake. Kwa hiyo mtu huyu aliyatumia maisha yake akiwaza viuno na mapaja ya watu asiowajua, na hata njiani kwenda dukani alimtazama mtu aliyemtangulia akajua papo hapo atakaaje. Mkewe alimkanya sana: "Iko siku utapigwa kofi hadharani, na mimi sitakutetea."

Mtaani alikuwa Baba Chiriku. Chiriku alikuwa binti yao wa pekee, na jina hilo la utani lilimkaa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na mamake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akimsimulia mtu jambo. Kisha homa ikamchukua, upesi kiasi kwamba majirani walisikia msiba kabla hawajasikia kuwa mtoto anaumwa. Tangu hapo watu walipata taabu wakikutana na babake njiani. Wamwite Baba Chiriku, wanatonesha kidonda. Wasimwite, ni kama wamemzika mtoto mara ya pili. Wengi wao waliamua kukohoa tu na kupita.

Sasa treni yenyewe. Treni za zamani zilimfunga abiria kwa vyuma vinavyoshuka mabegani, na kila kona vyuma hivyo vilimgonga masikio bila huruma. Injinia wa karakana, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alivichukia. Alichora treni mpya isiyo na kitu mabegani: miguu inaning'inia hewani, kifua kiko wazi, na kinachomshika mtu ni komeo moja tu, pao nene lenye sponji linaloshuka mapajani na kujifunga kwa silinda za mafuta, kimya kimya. "Treni ikipita kileleni, mwili unataka kuondoka kitini," alimwambia fundi wake. "Ukimshika mtu mapaja, umemshika mzima. Ukiacha pengo pale, Baba, hujamshika kabisa."

Kwa hiyo lilihitajika umbo la mtoto mdogo kuliko wote wanaoruhusiwa kupanda, yule ambaye utosi wake unagusa tu alama ya urefu iliyochorwa getini. Chiriku, wakati huo akiwa bado hai, alikuwa na urefu huo huo. Akitoka shule alipitia karakanani, anapanda kwenye kiti cha mbao cha majaribio, babake anashusha komeo la mbao na kuchora kwa chaki pale linapoishia. Mtoto hakunyamaza. "Baba, hapa pananifinya. Baba, hapa naweza kuchomoka, tazama!" Kisha anachomoka kweli, anasimama sakafuni akicheka, na Injinia anafuta mchoro na kuanza upya. Ukitaka ukweli, nusu ya ubunifu wa kiti kile ni malalamiko ya mtoto. Babake alimwahidi kwamba treni ikikamilika yeye ndiye atakayekuwa abiria wa kwanza. Mzazi huahidi tu, hajui ya mbele.

Alikufa kiti kikiwa bado cha mbao. Fundi alimaliza matanga, akajikaza kisabuni, akarudi kazini akakitengeneza kwa faiba na sponji kama kilivyopimwa.

Treni ilipounganishwa, alifanya kazi ambayo ilikuwa yake peke yake: kufunga kila komeo kwenye kiti kitupu. Sheria ya karakana ni kwamba komeo lisilo na mtu chini yake lazima lishuke hadi mwisho, liguse mpira ulio kwenye ukingo wa kiti. Alianza mbele akarudi nyuma. Yote yalishuka vizuri. Akafika behewa la mwisho, kiti cha kulia, akabonyeza, na komeo likasimama katikati ya hewa.

Alibonyeza tena. Halikukwama kama chuma kinavyokwama kwenye chuma. Lilibonyea kidogo kisha likakataa, kama linavyokataa likifika kwenye paja la mtu. Nywele zilimsimama, kwa sababu kimo kile alikijua. Alikuwa amekichora kwa chaki mara nyingi mno. Akapitisha mkono chini ya komeo, hakugusa kitu. Akaweka kiganja kwenye sponji, na sponji ilikuwa na joto, joto la kiti ambacho mwenyewe ameinuka sasa hivi, au hajainuka.

Angepaswa kusema pale pale. Hakusema. Karakanani walikuwa na midoli mizito ya plastiki iliyojazwa maji, ambayo hukalishwa kwenye treni wakati wa majaribio badala ya watu. Mafundi waliiita abiria wa bure. Alimbeba mmoja, akamkalisha kwenye kile kiti, akashusha komeo. Likashika mapaja ya mdoli kama kawaida, na taa ya kijani ikawaka kwenye paneli ya Injinia. Hata bila mdoli taa ingewaka, kwa kuwa kwa mtu mzima kimo kile kilitosha kabisa. Pengo lingeonekana kwa mtoto mwembamba tu, na paneli haikujua habari za watoto wembamba.

Basi ikawa ndiyo desturi. Midoli mingine ilihamishwa huku na huko, yule wa kiti cha nyuma akabaki pale pale. Fundi wa kuchomelea, aliyeitwa Cheche kwa ulimi wake wala si kwa kazi yake, aliliona hilo. "Fundi Makalio, huyo mdoli wako amekata tiketi ya mwaka mzima? Au mmefunga ndoa hatukualikwa?" Wote wakacheka, na yeye akacheka nao, jasho likimtiririka mgongoni.

Kila asubuhi Fundi alifika kabla ya wenzake. Alimtoa mdoli, akashusha komeo juu ya kiti kitupu, na likisimama pale lilipozoea kusimama, moyo wake ulitulia. "Umeamkaje, mama?" aliuliza. Kisha akasimulia: paka wa jirani kazaa, mvua imeingia jikoni. Zamani hakupata nafasi ya kuongea na mtoto huyu, maana mtoto hakuitoa. Sasa yeye ndiye aliyeongea, na kiti kikasikiliza. Alikuwa na furaha, tusimfiche. Na aliogopa pia, kwa sababu asubuhi nyingine alihisi kwamba joto la sponji lilianza kabla hajafika, kama la mtu aliyechoka kungoja.

Ndipo Injinia akatangaza kwamba treni iko tayari kuondoka, na kwamba siku ya ufunguzi wenye kiwanja cha starehe inakopelekwa wamealika watoto wa shule wapande kwanza. Watu wakapiga makofi. Fundi alikitazama kile kiti cha nyuma. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa cha mtoto wa mtu mwingine.

"Toeni abiria wa bure wote," Injinia alisema. "Nataka kuyafunga makomeo mwenyewe, viti vitupu."

Alipofika kwenye kiti cha nyuma, komeo likasimama hewani. Hakupiga kelele. Aliomba spana, akafungua. Wakabadilisha silinda, wakabadilisha mabomba ya mafuta, wakaling'oa komeo zima wakaweka jingine. Kiti kikiondolewa, komeo lilianguka hadi chini bila shida. Kiti kikirudishwa, lilisimama. Wakaleta kiti cha behewa la mbele, wakakifunga hapo. Likasimama vile vile. Cheche, ambaye hajawahi kukosa neno, alikusanya vyombo vyake akaenda kuchomelea kitu upande wa pili wa karakana.

Injinia alikaa chini sakafuni, mikono imejaa mafuta, akamtazama fundi wake.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na ukaweka mdoli."

"Kuna mtu amekaa pale," alisema. "Ni yule uliyekuwa unamfutia michoro."

Injinia hakucheka. Alikuwa akimkumbuka mtoto vizuri, na kwa muda hakuweza kutazama kile kiti. Kisha akafuta mikono polepole.

"Mambo hayo mimi siyajui, sitakudanganya. Ninalolijua ni kwamba mtoto mwembamba akikaa hapo, pengo lile linamtosha. Kilele cha kwanza tu, ameondoka. Kwa hiyo ni mawili. Nikifunge kiti hiki kwa bolti kisikaliwe na mtu daima, treni iende na kiti kitupu, na lawama nitaibeba mimi. Au komeo lishuke. Kesho unijibu, Baba."

Fundi alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Kiti kifungwe! Kiwe cha mwanawe milele, asikikalie mwingine. Alimkuta mkewe akipiga pasi, akamweleza yote tangu mwanzo hadi bolti. Mkewe aliendelea kupiga pasi nguo ile ile moja hata ilipokuwa haina kunyanzi tena. Kisha akaiweka pasi kando.

"Kwa hiyo umekuwa naye."

"Mama Chiriku..."

"Umekuwa naye kila asubuhi. Mimi hapa nanusa shati lake la shule hadi limeisha harufu, na wewe uko naye unamsimulia habari za paka. Hukuniambia."

Alikuwa hajawahi kuliona jambo lile kwa upande huo, na aibu ilimshika hadi masikioni.

"Nilidhani utaogopa," alisema.

"Nimuogope mwanangu?" Alilia kidogo, kilio cha hasira, akajipangusa kwa kiganja. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka. "Haya, niambie. Hiyo treni inafanya nini kutwa?"

"Inapanda, inashuka."

"Watu wanafanya nini ndani yake?"

"Wanapiga mayowe."

"Wakishamaliza?"

"Komeo linafunguliwa, wanashuka."

"Na yeye? Umekifunga kiti chake kwa bolti, Baba Chiriku. Wenzake wanashuka wanakwenda kwa mama zao. Yeye anapandishwa tena, anaporomoshwa tena, leo, kesho, mwaka nenda mwaka rudi, kati ya mayowe ya watu asiowajua. Nani anamteremsha?"

Fundi alikaa kitandani. Katika hesabu zake zote za viti, hilo hakulihesabu.

"Twende wote basi," alisema baadaye. "Mimi peke yangu sitaweza."

Mkewe alitikisa kichwa. "Mimi nilimfumba macho kwa mkono huu. Ulitoka nje, ukasema huwezi, na mimi sikukulaumu. Hili ni lako."

Siku iliyofuata aliwaacha wenzake waende kula. Mwanga wa adhuhuri uliingia kwa madirisha ya juu ya karakana, vumbi la faiba likielea ndani yake, na treni ilikuwa imesimama mlangoni ikisubiri lori. Alikwenda behewa la mwisho. Alishusha komeo, likasimama pale pale. Aliweka kiganja kwenye sponji. Joto lilikuwepo.

Kisha akalifungua komeo, akaliinua hadi juu kama wanavyofanya treni ikisharudi kituoni, akasogea pembeni kumpisha, na akanyoosha mkono, kwa sababu ngazi ya treni hii ni ndefu na watoto huhitaji kushikwa.

"Shuka, mama," alisema. "Tumefika."

Alidhani angehisi vidole, au upepo, au angalau neno moja kutoka kwa mtoto yule wa maneno elfu. Hakuhisi chochote. Mkono wake ulibaki umenyooshwa hadi bega likauma, na nje mtu alikuwa akipiga mluzi akiosha sufuria. Mwisho aliukunja mkono taratibu, kama unavyoukunja ukiwa na kitu ndani yake usichotaka kiumie, akageuka kuelekea kwenye komeo.

Aliligusa tu. Likashuka kimya, likapita pale lilipokuwa likisimama siku zote, likaendelea chini hadi likagusa mpira.

Alilifungua akalishusha tena. Kisha tena, na tena, wenzake wakiwa wamesharudi wamesimama mlangoni, yeye akibonyeza polepole na kulisikiliza kwa mikono yote miwili, akitamani likatae mara moja tu. Halikukataa.