Vitufe Vyote Vilikuwa Upande wa Kushoto

Jumamosi, saa nne na dakika sita asubuhi, madirisha matano kwenye kompyuta yangu yalizimika, moja baada ya jingine.

La kwanza. Sekunde mbili. La pili. Sekunde mbili. Mpaka la tano.

Kwenye kila moja ujumbe uleule: akaunti hii imefunguliwa mahali pengine.

Mimi napima maji maabara. Kazi yangu ni kuandika nilichoona bila kutia chumvi. Nitasimulia hivyohivyo.

Kwa miaka sita tulicheza gemu moja mtandaoni, watu watano wa familia moja: kaka yangu, binamu wawili, shemeji na mimi. Tulijenga ngome.

Halafu kila mtu akashikwa na yake. Binamu mmoja akapata mapacha. Mwingine akahama. Shemeji akasema macho yamechoka. Kabla ya kuondoka, waliweka nywila zao kwenye kundi letu la simu, atakayetaka aendeleze.

Kaka hakuaga. Tuligombana tu. Nywila yake ilikuwa kundini siku nyingi, na yangu pia.

Mama alivunjika nyonga mwezi wa tano, nikamchukua kwangu. Kumwinua kitandani kunahitaji watu wawili. Nilimwomba kaka aje asubuhi kabla ya kazi. Akasema hawezi.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Kaka ni mwendesha kreni bandarini, ana mabega kama kabati. Nikamwambia mbele ya shangazi zetu kwamba mikono yake ni ya mapambo. Akatoka. Miezi minane hatukusemeshana.

Kwa hiyo nikawa naamka saa kumi na moja, namwinua mama peke yangu, namwogesha, naenda kazini, narudi, namwinua tena. Mgongo ukawa si mgongo.

Jumamosi ndiyo ilikuwa yangu.

Sasa, ngome ina sharti. Mara moja kila mwaka, wahusika watano lazima wafungue lango kuu pamoja. Wasipofungua, inafutwa, na majina yanafutwa nayo. Sisi tulikuwa na mwisho wetu siku hiyo, saa sita mchana.

Mnaweza kusema ni gemu tu. Sawa. Lakini hapakuwa tena na mahali pengine ambapo majina yetu matano yaliandikwa pamoja.

Nikajifunza kucheza na wote watano peke yangu. Unafungua madirisha matano, unaweka programu ya kusambaza: ukibonyeza kitufe kimoja, madirisha yote yanakipokea. Wakipiga, wanapiga wote. Ukikosea, unakosea mara tano. Siku ya kwanza niliwatumbukiza wote bondeni kwa kitufe kimoja.

"Umeua wangapi leo?" mama aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Watano."

"Basi pumzika, mwanangu. Umefanya kazi."

Lango ndilo lilinitoa jasho. Wanne wanavuta minyororo kwa kushikilia kitufe, wa tano anatembea mpaka kwenye jiwe. Lakini kitufe kikisambazwa, na wa tano naye anavuta mnyororo, hatembei. Wiki tatu nilihangaika kupanga vitufe hadi nikajua kulitenga dirisha la tano lisipokee kitufe hicho kimoja. Ijumaa jioni, kabla ya kumlaza mama, nilijaribu vitufe hivyo mbali na lango. Ikakubali.

Jumamosi, kama nilivyosema, nikafukuzwa.

Nilikuwa nimeshashuku mwizi. Ghala la ngome lina daftari lake, na mishale ilikuwa ikiongezeka siku za kazi. Jumanne saa nne asubuhi. Jumatano saa tano. Kaka nilimtoa kwenye hesabu, maana saa hizo yuko juu ya kreni.

Lakini zile sekunde mbilimbili zilikuwa za mtu mmoja anayefungua madirisha kwa zamu.

Nikaingia tena kwa akaunti yangu tu. Nikawakuta wale wanne mbele ya lango, wamejipanga mstari.

Nikaandika: "Wewe nani?"

Akajibu: "Wewe nani wewe?"

Hapo ndipo mambo yakaharibika. Alisahau kuzima usambazaji kabla ya kuandika. Kila herufi aliyobonyeza ikawafikia wenzake kama amri. Mpiga mishale akapiga ukuta. Tabibu akatibu mti. Mhusika wa shemeji akavua kofia ya chuma na kuitupa mtoni.

Mama alicheka mpaka akashika nyonga. "Huyo ni kaka yako. Hakuna mwingine wa kuharibu vitu kwa kusalimia."

Nikaandika: "Zima usambazaji kwanza. Ni mimi."

"Dakika?"

Ni yeye tu anayeniita hivyo, kwa sababu nahesabu kila kitu.

"Ndiyo. Kumbe ni wewe unayeingia siku za kazi?"

"Na wewe Jumamosi. Nilidhani ni mwizi. Leo nimeingia nimfukuze, maana ni siku ya mwisho."

"Ulikuwa na wiki nzima. Mbona lango hukulifungua?"

"Halifunguki."

"Linafunguka. Umepanga vitufe gani?"

"Q, W, E, A, S. Mnyororo ni Z."

Vyote upande wa kushoto wa kibodi. Nikamwandikia kama ninavyowaandikia wanafunzi wa mafunzo kazini, hatua kwa hatua: tenga dirisha la tano, shikilia Z kwa mkono wa kushoto, mwongoze wa tano kwa kipanya mkono wa kulia.

Nilihesabu sekunde arobaini.

Kisha: "Mkono wa kulia sina."

"Acha utani."

"Upo, lakini haushiki. Waya wa kreni, mwezi wa tatu. Kazini walinirudisha nyumbani. Sikutaka mama ajue."

Mwezi wa tatu. Mama alivunjika mwezi wa tano.

Nilisoma mara mbili. Mgongo ulikuwa unauma palepale unapouma siku zote.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Nikamsomea. Akavuta kitenge miguuni. "Mwambie ashikilie hicho kitufe," alisema. "Wewe tembea."

Nikaandika hivyo. Kaka akashikilia Z kwa wanne. Mimi nikatembea na wangu, bila kusambaza chochote, kitufe kimoja, mhusika mmoja.

Saa tano na dakika arobaini na tisa, lango lilifunguka. Kwenye ubao wa ngome yalitokea majina matano na tarehe ya siku hiyo.

Kwa anayetaka somo: kila nilichokuwa nacho juu ya kaka kilikuwa kweli. Alikataa kuja. Ana mabega. Ni mwendesha kreni. Nilijumlisha ukweli mtupu nikapata jibu la uongo, kwa sababu swali moja sikuuliza. Nilimuuliza kama hawezi au hataki. Aliposema hawezi, sikumuuliza kwa nini.

Niliandika "Nisamehe." Akaandika "Twende mbele." Nilirudia, na yeye akarudia.

Saa saba na robo kaka alipiga simu. Simu ilikuwa kochini kando ya mama, akaidaka kwanza. Walizungumza dakika arobaini na mbili.