Tulimfundisha Kusimama Wima

Watu huniuliza kwa nini niliacha kujitolea. Huwa najibu kwamba kazi zimenibana. Si uongo, duka la vifaa vya shule linataka mtu kutwa nzima, ila duka lilikuwepo tangu mwanzo.

Tulikuwa viongozi wawili wa kujitolea kwenye mradi wa wasichana. Mimi, mtoto wa Kichaga niliyezaliwa mjini, Themi, na mwenzangu, Mmeru, nesi wa zahanati. Kila Jumamosi tulipanda hadi kijiji kimoja upande wa Oldonyo Sambu, jina lake nitaliacha, kufundisha wasichana kumi na wawili elimu ya uraia katika chumba cha shule ya Jumapili cha kanisa. Tulitumia mkutano wa mazoezi. Mmoja anakuwa mwenyekiti wa kijiji, mwingine mtendaji, waliobaki wananchi, halafu mtu anasimama kutoa hoja. Kwenye semina yetu ya viongozi tulielekezwa tuwazoeze kusimama wima, kumtazama mwenyekiti usoni na kuingia kwenye hoja moja kwa moja. Niliipenda sana hiyo. Mimi sina subira na watu wa kuzunguka mbuyu.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake alishafariki, na baba yake mdogo alitaka kuuza shamba ambalo yeye, mama yake na wadogo zake walilitegemea kwa mahindi na maharage. Ombi la kuuza lingesomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mwenye pingamizi angesimama hapo hapo. Mama hakuweza kusimama mbele ya shemeji zake. Binti akasema atasimama yeye. Tukamfanyisha mazoezi Jumamosi tatu, mpaka akawa anaongea vizuri kunishinda.

Siku ya mkutano mwenzangu alikuwa zamu, nikaenda peke yangu. Wazee walikaa mbele na fimbo zao. Pale kwao kijana akifika penye wazee huinamisha kichwa, wakiguse kumsalimu, ndipo afungue mdomo. Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi tu. Kwenye mazoezi yetu hatukuwahi kuliweka, na mimi ndiye niliyesema litatupotezea muda.

Ombi liliposomwa, binti alinyoosha mkono, akasimama wima. "Mheshimiwa mwenyekiti, naweka pingamizi."

Mzee mmoja akamkatiza, kwa sauti ya chini tu. "Binti, umetusalimu?"

Akageuka kunitazama, mimi niliyekaa nyuma na tisheti yangu ya mradi. Nikampa ishara kwa kidevu: endelea.

Akaendelea. Alitaja mipaka, alitaja nani alilima wapi na tangu lini, hakukosea neno. Wazee walishageuza nyuso, wanaongea Kimaasai wenyewe kwa wenyewe. Mwenyekiti alimwacha amalize, kisha akauliza kama kuna pingamizi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akapita kwenye ajenda ya maji.

Nilitegemea nitalia, au nitagombana na mtu. Wapi. Nilikaa pale nikiwaza kama nimefunga dirisha la nyuma la duka. Mtu mzima na akili zangu. Hata jioni nilipokaa kuandika ripoti, mkono uliandika wenyewe, kwenye sehemu ya mafanikio, kwamba msichana mmoja ametoa hoja mkutanoni. Ofisi ya mradi ikatupongeza.

Nilimsimulia mwenzangu. "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho," akasema. "Wewe ukamwambia mtoto wa watu akodoe yote mawili." Alitaka tuwasaidie kwenda baraza la ardhi. Mama akakataa, akasema aibu moja inamtosha. Shamba likauzwa.

Miezi ilipita kabla sijaenda kuwaona. Walikuwa wamehamia chumba kimoja mjini, Elerai, na binti alikuwa anafua nguo za watu. Aliniita mwalimu kama zamani, akanipa kigoda, akaninywesha chai. Nikampa pole. Nilisema tungemwambia asalimu kwanza.

"Kusalimu najua, mwalimu," alisema huku anakamua shuka. "Nimekua nikisalimu. Nilidhani mkutano wa serikali una utaratibu wake, na wewe ndiye unaujua. Ndiyo maana nilikuangalia."

Nikainua kikombe, nikanywa. Hata ningekunywa maji ya kufulia nisingejua tofauti.

Nadhani alinionea huruma. Aliacha shuka, akanisogelea. "Kumbe na wewe hukujua mila zetu. Basi si kosa lako."

"Sikujua," nikasema.

Akaniongezea chai. Mpaka leo anaamini hivyo.